Mashahidi wa Deqa

Asubuhi ya kikao cha baraza la jiji, Deqa Warfaa alikuta meza yake imehamishiwa kwenye ushoroba wa kituo cha polisi, kati ya mashine ya kutolea nakala na mlango wa choo cha wanaume. Simu ya ofisi ilikuwa sakafuni. Koti lake la baridi, aliloliacha jana nyuma ya kiti, lilikuwa juu ya boksi la karatasi, likiwa na alama ya kiatu mgongoni.

Askari mmoja alitoka chooni akikung'uta maji mikononi. "Hapa utakuwa karibu na watu," alisema. "Si ndiyo kazi yako?"

Deqa alilipangusa koti. Ushorobani hapakuwa na mahali pa kuchomeka simu, kwa hiyo alitumia yake mwenyewe. Alipiga mwanamke mmoja wa Asmara aliyefungiwa nje na mumewe katika theluji, na hakujua jina la mtaa alimokuwa amesimama. Dereva mmoja wa teksi, Mworomo, alikuwa amesimamishwa na polisi na aliogopa kuingiza mkono mfukoni kutoa leseni. "Iache mikono kwenye usukani," Deqa alimwambia. "Mwambie unachotaka kuchukua kabla hujakichukua. Sikati simu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kiungo kati ya polisi na wahamiaji wa Afrika Mashariki. Hakuwa na bunduki wala sare, ila kadi iliyoning'inia shingoni. Jiji lilitaka kuifuta nafasi hiyo na kuweka ukalimani wa simu, na jioni ile baraza lingesikiliza maoni.

Kapteni Haugen alisimama mbele ya meza ya Deqa na kikombe cha kahawa. "Nasikia unaleta watu wako."

"Sijamleta mtu. Wamesikia wenyewe."

"Waambie kila mmoja dakika tatu. Sio hadithi za jangwani."

Watu walijaa ukumbini kabla ya saa. Mama Saynab alikuwa amefunga duka lake la chai ili aje, na alikuja na chupa kubwa za chai ya tangawizi. Mlinzi alizizuia mlangoni.

"Chai si bomu, mwanangu," Mama Saynab alimwambia. "Ionje."

Chupa ziliachwa nje kwenye theluji. Wanawake walifunguliwa mikoba, wakapapaswa mpaka chini ya shungi. Kijana mmoja aliyekuwa kwenye foleni alimwona Deqa akipita akacheka. "Leo askari ndiye anatafuta mashahidi," alisema kwa Kisomali, na mama yake akamfinya.

Mwenyekiti wa baraza alieleza kwamba jiji limeandaa mkalimani, ili wananchi waone jinsi huduma mpya itakavyofanya kazi. Karani alibonyeza kitufe cha simu. Sauti ya mwanamume ilijaza ukumbi. "Hamjambo wazee wangu? Karibuni, semeni, nawasikiliza."

Wazee walitazamana.

"Hicho ni Kiswahili," Deqa alisema kutoka kiti cha nyuma.

"Si ndiyo lugha ya Afrika Mashariki?" mwenyekiti aliuliza.

Mzee Guuleed, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi upande wa Garissa, aliinua mkono kuelekea dari. "Sijambo," alisema kwa Kiswahili. "Habari ya kuni na maji?" Waliokaa naye kambini, ambako Kiswahili kilikuwa cha kuombea kuni na maji, walicheka mpaka wakafuta machozi. Madiwani hawakucheka. Karani alikata simu.

"Deqa atafasiri," alisema Haugen.

"Kapteni, kinachozungumzwa ni nafasi yangu mwenyewe."

"Hapa si mahakamani. Fasiri."

Alisogea kwenye kipaza sauti cha pembeni. Mwenyekiti alimwapisha kufasiri kila neno bila kuongeza wala kupunguza.

Mzee Guuleed aliifikia meza ya wasemaji kwa bakora yake. Ndiye aliyechaguliwa na wazee wenzake, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua kusema mbele ya watu kama yeye. Alianza mbali, kama inavyopasa, kwa nasaba ya baba yake Deqa na wema wa ukoo wake. Deqa alifasiri. Diwani mmoja alikuwa akiangalia simu yake chini ya meza.

"Sasa niwape mfano wa matendo yake," alisema mzee. "Miaka mitatu iliyopita kijana wetu alimvunja taya Tolosa, mwenye duka, Mworomo. Polisi walikuwa wanakuja kumkamata. Binti huyu akatupigia simu sisi kwanza."

Deqa aliinamia kipaza sauti. Kisha akasema kwa Kiingereza, "Kulikuwa na ugomvi, na wazee walisaidia kuleta utulivu."

Mzee alimgeukia. Kiingereza hakukijua, lakini urefu wa maneno aliujua. "Mbona umenipunguzia? Nimesema mengi kuliko hayo."

"Ami, hilo liache," Deqa alisema kwa sauti ya chini. "Sema mengine."

"Niiache sifa yako chini? Sema yote, binti. Usione haya."

"Sema yote!" ukumbi uliitikia. Watu walikuwa wameacha zamu zao za usiku ili waje kumtetea.

"Kuna tatizo?" aliuliza mwenyekiti. "Umekula kiapo."

Katika safu ya tatu walikaa wanafunzi wa chuo wanaojua lugha zote mbili, na mmoja wao alishainua mkono ili kusaidia. Deqa aliyafasiri yote neno kwa neno.

Diwani aliweka simu yake mezani.

"Tulimficha kijana kwa shangazi yake," Mzee Guuleed aliendelea, sauti sasa imepanda. "Tukaenda kwa Tolosa na wazee wake. Tukahesabu fidia kwa ngamia, kama desturi, tukalipa kwa dola. Tolosa akala nasi, akaenda polisi kuondoa malalamiko. Hakuna jela, hakuna kisasi. Leo Tolosa na kijana wanaswali safu moja."

"Ngamia?" alisema diwani, na wenzake wawili wakacheka.

"Na kijana mwenyewe yupo. Anaendesha lori, analipa kodi yenu. Liibaan, simama wakuone."

Liibaan alisimama, akavua kofia. Watu walimpigia makofi. Deqa alifasiri hilo pia. Mzee akafunga kwa dua, ukumbi ukaitikia amina.

Kapteni Haugen alikwenda kwenye kipaza sauti. Idara, alisema, imesikitishwa. Mfanyakazi ametoa siri ya operesheni, mtuhumiwa akafichwa, na mlalamikaji akanunuliwa. Idara haikujua lolote.

Deqa alimtazama. Walikuwa wamesimama wawili uani mwa kituo, kando ya gari la Haugen, siku ile Tolosa alipopelekwa hospitali. Deqa alimweleza kwamba wazee wanaweza kuzuia jamii mbili zisivamiane. Haugen alikuwa amefungua mlango wa gari. Fanya unavyojua, alisema, mimi nataka mtaa utulie, hayo mengine sitaki kuyasikia. Mtaa ulitulia. Mwaka ule alipandishwa kuwa kapteni.

"Ulijua," Deqa alisema kwenye kipaza sauti. "Nilikwambia mwenyewe, uani."

"Mkalimani hatoi maoni," alisema mwenyekiti. "Lifutwe hilo."

"Anasema nini?" aliuliza Mzee Guuleed.

Mwenyekiti aliegemea mbele na kutabasamu. "Waambie baraza linawashukuru. Tumesikia mengi yatakayotusaidia kuamua."

Aliwaambia. Mama Saynab alipiga kigelegele, na wanawake wakampokea. Wazee walipeana mikono. Mwenyekiti aliomba picha ya pamoja kwa ajili ya gazeti la jiji, akashuka mwenyewe, akamshika Mzee Guuleed bega.

Haugen alimsogelea Deqa. "Kadi," alisema bila kuinua sauti. "Na kesho usije bila wakili."

Aliivua shingoni akampa.

"Wanakubadilishia?" mzee aliuliza. "Wanakupa nyingine, kubwa?"

"Baadaye nitakueleza, ami."

"Tumesema vizuri?"

"Mmesema vizuri."

Mpiga picha alimwomba Deqa asogee pembeni, nje ya picha. Pale aliposogea aliuona mlango wa nyuma. Askari wawili walikuwa wamesimama, mmoja kila upande, wakitazama safu ya nne. Liibaan alikuwa anavaa koti, mgongo umewaelekea, akimchekea Mama Saynab kwa jambo fulani. Mkono wake mmoja ulikuwa unatafuta kitu ndani ya mfuko wa koti.

"Huyu mzee amenuna," alisema mpiga picha. "Mwambie atabasamu."

Deqa alifungua mdomo. Jina la Liibaan lilimfika kooni. Lakini kijana akiitwa ghafla angegeuka ghafla, na mkono ule mfukoni, na wale wawili mlangoni.

"Ami," alisema. "Wanataka utabasamu."

Mzee Guuleed alitabasamu. Taa ya kamera ilimulika, na askari wakaanza kutembea.