Mwiko Wenye Lazeri

Miaka kumi na tisa nimewapa wanaume taa zao kabla hawajashuka chini ya ardhi, halafu kijana mmoja wa mtaa wa Golf anakuja nyumbani kwangu, hapa Ruashi, kunifundisha mwanga ni nini! Jamani. Ngojeni niwaeleze.

Mimi naitwa Kulthumu. Nilitumika lampisterie, kile chumba cha mgodi ambamo taa za kofia zinachajiwa. Kila mchimbaji anapita dirishani, unampa taa yake, na akitoka anairudisha. Wachimbaji wana adabu yao ya mwanga: kule chini hummuliki mwenzako usoni. Ukikutana naye unaelekeza taa juu kwenye mwamba, mnaonana vizuri wote wawili, mnasalimiana. Asiyejua adabu hiyo anatukanwa mpaka anaijua.

Bwana yangu Zakari ni sonara, mtu wa Maniema kama mimi, ana kibanda chake Kampemba. Kutwa nzima kioo kiko jichoni, anatazama pete moja. Kwake dunia ni kitu kidogo kilichokaa sawasawa. Ni fundi kweli, sitamnyima sifa zake. Lakini ubishi wake, wee!

Wezi walipoingia kwa jirani yetu Huguette na kumfunga kamba, Zakari alihangaika na makaratasi hadi akapata kibali cha bastola, chenye mihuri yote. Sikumpinga. Hata mimi nilikuwa naogopa. Shida ilianza alipomwita Edouard, huyo kijana wa Golf anayeuza vifaa vya bunduki, amletee kitu cha kumsaidia kulenga gizani, maana huku kwetu courant, yaani umeme, inakatika inapotaka.

Edouard akafungua sanduku lake mezani. Ndani yake mlikuwa na tochi fupi ya kufunga chini ya mtutu, lazeri ya kijani na lazeri nyekundu. Akabonyeza ile nyekundu. Nukta ikaruka ukutani, ikatua juu ya kalenda, ndogo, safi. Zakari wangu akaisogelea. Nilimwona anavyoitazama, nikajua amekwisha kununua.

"Papa Zakari, pale nukta inakaa, njo pale masasi inaenda," Edouard akasema, akimaanisha risasi.

"Hii njo kitu nilikuwa natafuta," bwana yangu akajibu.

"Na ile nukta itakaa juu ya nani?" nikauliza.

"Juu ya mwizi, mama Yasmine. Juu ya nani tena?" Zakari akasema.

Edouard akacheka. "Mama, mambo ya bunduki iko ya banaume."

Ah bon? Damu ilinichemka. Mimi sikuwa nawaza mwizi, nilikuwa namuwaza binti yetu. Yasmine ni muuguzi. Akitoka zamu anafika saa kumi na moja alfajiri, anafungua mlango wa nyuma kwa ufunguo wake, na kwa kuwa ni mtoto mwenye heshima, anavua viatu, anavishika mkononi, anapita kwenye korido kimya kimya asimwamshe baba yake. Hamwiti mtu, hapigi hodi. Mtoto gani aliyelelewa atapayuka baba yake amelala? Tangu bastola iingie nyumbani sikupata usingizi hata siku moja ya zamu yake. Nilimwambia Zakari mara tatu kwamba atamuua mtoto wetu. Mara tatu alinijibu, "Mutoto yangu nitamujua tu."

Nikapiga meza. "Sawa! Tujaribu. Siku ya posho, saa sita ya muchana. Nitafunika madirisha yote ya korido na mablanketi, giza kabisa. Bastola inabakia mu kasha, bila masasi, na ufunguo inabakia kwangu. Lazeri tutaifunga ku mwiko."

"Ku nini?" Zakari akashtuka.

"Ku mwiko ya bukari," nikasema, nikimwonyesha ule wa kusongea ugali. "Bantu bataingia mumoja mumoja. Ukibajua bote, sitasema tena. Ukikosa, mie njo nitachagua kitu gani inabakia."

Alikubali kwa kiburi chote. Edouard naye alisema atakuja, nadhani alitaka kuona mwanamke akiaibika.

Jumamosi ikafika, siku ya posho kama tunavyoiita huku. Nje jua linawaka, ndani ya korido huoni hata kidole chako. Kabla sijafunga blanketi la mwisho tulimwona Zakari amesimama mwisho wa korido, mwiko mkononi, lazeri imefungwa juu yake kwa mpira. Kama hukucheka, basi wewe huna meno. Edouard peke yake hakucheka.

Wa kwanza kuingia alikuwa Huguette. Yule hawezi kukaa kimya hata akilipwa. Akagonga ndoo, akasema "Aïe!", akaanza kujicheka.

"Huguette!" Zakari akapaza sauti. "Munaona? Nimesema nini?"

Kisha kimya. Tukangoja. Ubao wa sakafu ukalia kidogo, basi. Nukta nyekundu ikasogea gizani, ikatafuta, ikapata kitu, ikatulia.

"Pa!" akasema Zakari. "Nimemupata! Katikati ya kifua!"

Nikavuta blanketi la kwanza.

Yasmine alikuwa amesimama pale na blauzi yake ya hospitali, miguu mitupu, viatu mkononi. Nilikuwa nimemwambia jambo moja tu: ingia vile unaingiaka. Nukta ilikuwa juu ya mfuko wake wa kifuani, pale anapochomeka kalamu. Kisha ikateleza hadi sakafuni, kwa sababu baba yake alikuwa ameshusha mwiko.

"Papa," akasema taratibu, "njo vile ninaingiaka kila siku."

Zakari akaketi chini kwenye sakafu. Sijapata kumwona hivyo tangu tumzike mama yake. Nilimwonea huruma, kweli, lakini sikumwambia pole. Nilitaka imwingie mpaka kwenye mfupa.

Edouard hakukubali kushindwa. "Papa, kosa iko ya lazeri tu. Lazeri inalenga, haionyeshe muntu. Tufunge tochi chini ya mtutu, utaona kila kitu."

Tukafunga tochi ile kwenye mwiko. Nikarudisha blanketi. Huguette akaingia tena, Zakari akawasha, mwanga ukampiga usoni, mwanamke akapiga yowe na kujifunika macho. Zakari alimwona, ndiyo. Lakini mwiko ulikuwa umemwelekea tumboni.

"Mungu wangu, unitoe hiyo kitu!" Huguette akalia, ijapokuwa ni mwiko.

"Edouard," nikasema, "kusudi amuone jirani yake, lazima amulenge mbele, kabla ya kumuona?"

Akainama kufunga sanduku lake. Huyo alikuwa amekwisha. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, nawaambia ukweli, sioni aibu.

Nikaifungua ile tochi, nikampa bwana yangu aishike kwa mkono wa kushoto. Mwiko nikauweka juu ya kabati karibu naye.

"Mulika juu, ku plafond," nikamwambia, nikimwonyesha dari. "Plafond yetu iko nyeupe, korido yote itapata mwanga. Halafu uulize. Mbele unaona, mbele unauliza, kisha njo unalenga."

"Na kama iko mwizi kweli?"

"Basi utaona kama iko mwizi kweli. Mwiko iko pale, mulango iko pale, na Huguette akipiga kelele, Ruashi nzima itaamka. Lakini utakuwa unajua."

Zakari akamgeukia Edouard, akamrudishia lazeri kwa mkono wake mwenyewe. "Bibi yangu amechagua," akasema. "Tochi inabakia. Hii, peleka."

Nilitaka kupiga vigelegele papo hapo, lakini lilibaki jaribio moja zaidi. Nikamshika Yasmine mkono nje ya mlango. "Akiuliza, ujibu na nguvu."

"Mama, siwezi kumupigia papa kelele."

"Utaweza."

Akaingia. Mimi nyuma yake. Giza, kimya, kisha mwanga ukapanda darini na korido nzima ikawa nyeupe taratibu, kuta, ndoo, miguu ya mtoto wangu.

"Nani?" Zakari akauliza.

Yasmine akanyamaza. Heshima ya miaka ishirini na tatu haikumruhusu. Zakari hakugusa mwiko.

"Nani pale? Unijibu!"

"Ni mie, papa!" akalia kwa sauti iliyofika barabarani. "Ni mie, Yasmine!"

Baba yake akajibu kwa sauti kubwa kuliko yake, machozi yakimshuka mbele yetu sote: "Pita, mutoto yangu! Ninakuona! Ninakuona!"