Prosesa Aliyeagwa kwa Pilau

Usiku wa jana niliota, na kabla hujasema ni shibe, nakwambia nililala na uji nusu kikombe, tena nilimeza kwa wasiwasi.

Wasiwasi wenyewe ulikuwa wa haki. Jana mchana nilibadilisha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta yetu ya kupakata, ile aliyotuachia binti yetu Tausi alipokwenda Uholanzi kufanya kazi ya uuguzi. Ni ya zamani, nzito kama tofali, na kila Tausi akipiga simu ya video lazima ikwame. Sauti inaendelea, sura inaganda mdomo wazi. Leo Jumapili ndiyo alikuwa atuonyeshe mjukuu wetu kwa mara ya kwanza, na mimi sikutaka mjukuu agande. Simu zetu ni vitochi, kwa hiyo njia nyingine hatuna.

"Baba Tausi, wewe si fundi," mke wangu aliniambia. "Ukiiua hiyo kompyuta, mjukuu utamwona kwenye kioo cha kabati."

Nikamjibu kwamba video ya maelekezo nimeiangalia yote, isipokuwa katikati, pale ilipokwama. Nikabadilisha, nikafunga skrubu, nikaiweka mezani. Kuiwasha nikaogopa. Nikaenda kulala.

Basi niko mlangoni mwa kompyuta yangu mwenyewe, na mlinzi ananizuia. Mlinzi ni skrubu. Amevaa koti la mgambo.

"Vua umeme," ananiambia.

Hiyo kanuni naijua, imo kwenye video: kabla hujagusa kitu cha ndani, toa umeme mwilini. Navua umeme wangu, nautundika msumarini. Umechakaa kwenye viwiko. Nasikia baridi kidogo, lakini naingia.

Ndani kumbe ni ukumbi wa hapa Tabora, ule tunaochangia harusi za watu. Kuna viti vya plastiki na maputo. Mbele amekaa prosesa wa zamani. Ni mzee mfupi, wa mraba, amevishwa shada la maua shingoni.

"Karibu, Baba Tausi," anasema. "Leo wananiaga. Umechelewa, lakini katika nyumba yetu nani wa kumlaumu mwenzake?"

Naona haya. Namwambia pole kwa kustaafishwa.

"Nimeshapoa," anajibu. "Kwa mara ya kwanza nimepoa kabisa."

Feni anasimama, anashika kipaza sauti. "Mimi ni mtani wake, nina haki ya kusema! Huyu mzee kanipigisha kelele mchana na usiku. Akifungua picha moja, napepea. Akifungua ya pili, napepea huku natukana. Leo anaondoka, na mimi nitalala!" Watu wanashangilia. Kisha feni anaanza kulia, na kwa kuwa haachi kuzunguka, machozi yanatulowesha sote.

Mlango unafunguka, anaingia prosesa mpya, kijana wa suti.

"Shikamoo, sijambo, asante, nimeshakula," ananiambia kwa mkupuo.

"Sijakuuliza."

"Ulikuwa unaelekea huko."

Mlinzi skrubu anamshika bega. "Wa ukoo gani huyu? Humu hakai asiyetambulika."

Hiyo nayo ni kanuni: mpya awe wa ukoo mmoja na wa zamani, la sivyo mashine haimtambui, haiwaki ng'o. Namwona mjukuu kwenye kioo cha kabati.

"Namtambua mimi," anasema mzee. "Mtoto wa mdogo wangu. Mtazameni miguu."

Tunainama wote kutazama. Kweli, miguu mingi ya dhahabu, imejipanga vilevile kama ya mzee.

"Basi apakwe," anasema skrubu.

Kwenye video walisema ile pesti ya kijivu ya kupitisha joto ipakwe kiasi cha punje ya mchele. Nageuka, niko jikoni kwetu. Mke wangu ananikabidhi sufuria la pilau bila hata kuniangalia. Nalibeba hadi ukumbini.

"Punje moja," anasema skrubu.

"Na hizi nyingine?"

"Hizo ni sherehe. Unataka watu waondoke na njaa?"

Tunakula. Akina kitufe wa kibodi wanagombania mnofu, maana ni wengi na kila mmoja ana herufi yake ya kudai. Skrubu anachagua punje moja, anamwekea kijana utosini. Bomba la shaba la kupozea linamwekea mkono juu, taratibu, kama mjomba anavyombariki mpwa.

Sasa kijana akae kwenye kiti. Hakai.

Namsukuma kidogo. "Usimlazimishe!" ukumbi mzima unapiga kelele. "Akae mwenyewe!"

Ukumbi umeshakuwa sebule yetu, na vile vitambaa vya mke wangu juu ya makochi. Nje kunaanza kupambazuka. Nambembeleza. Nampigia mpaka magoti, mimi na mvi zangu. "Kijana wangu, kaa basi. Leo nina mgeni, hajawahi kuniona."

"Sitakaa," anasema. "Sijakabidhiwa kazi zote. Kuna moja mzee amenificha."

Nikamgeukia mzee. Mzee akakohoa.

"Ni ndogo tu," akasema. "Haimo kwenye mwongozo wowote. Tausi akicheka, mimi husimama."

"Unakwama."

"Nasimama. Wewe ulidhani nakwama. Huyo mtoto ana haraka, Baba Tausi. 'Baba naingia zamu, Baba nitapiga baadaye.' Akicheka ni kidogo tu, halafu amekwenda. Nikawa namshika, ili umwangalie vizuri. Wewe ukawa unanipiga kofi la ubavuni."

Jamani! Nilitamani nimkumbatie, ila sikujua pa kumshika, ana kona nne. Nikamwekea mkono tu begani, na machozi yakanitoka mbele ya vifaa vyote vile. Nilimpenda yule mzee kuliko nilivyowahi kupenda kitu chenye waya.

Mzee akajiinua, akamvuta kijana sikio, akamnong'oneza. Kijana, ambaye siku zote hujibu kabla hujauliza, safari hii alinyamaza kabisa. Kisha akakaa kwenye kiti, mwenyewe, wala hakusukumwa.

"Mwangalie vizuri huyo mjukuu," mzee akaniambia. Akachukua pilau yake kwenye mfuko, akaenda zake.

"Baba Tausi! Amka, Tausi anakaribia kupiga!" Mke wangu ananitikisa.

Nikakimbilia mezani bila viatu. Nikabonyeza kitufe, macho nimefumba. Ikawaka. Ikawaka upesi hata mke wangu akasema "He!" na feni hata hakusikika.

Tausi akatokea. Anasogea, anageuza shingo, anapepesa macho, hakuna kukwama hata chembe. "Baba, umeweza!" Mke wangu akanitazama kwa heshima ambayo sikuiona tangu tuoane.

Kisha Tausi akamwinua mtoto, kafungwa kwenye kanga ya bibi yake. Mtoto akapiga mwayo mpana, ngumi kaiweka shavuni.

Picha ikasimama. Papo hapo, kwenye mwayo.

"Baba? Bado inakwama? Si ulisema umebadilisha?" sauti ya Tausi ikawa inauliza.

Mke wangu akainua mkono aipige kompyuta ule ubavu. Nikaudaka mkono wake hewani.

"Mwache kwanza," nikamwambia. "Sogea, tumtazame."