Msumari wa Chumbani kwa Mama

"Ikifika saa kumi na hizi taa bado zinazima," Mama akaniambia, "naita fundi."

Wabuge alikuwa hatua tatu kutoka kwake, juu ya stuli, bisibisi mkononi. Mume wangu ni fundi wa stima. Ndiye aliyeiwekea waya nyumba hii ya Mama hapa mtaa wa West Indies, likizo yake nzima ya mwaka jana. Nilimwangalia akimeza hayo maneno na roho ikaniuma. Akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja saa kumi na moja kuiombea nyumba, na kama fundi mwingine angekuja kurekebisha kazi ya Wabuge, habari ingefika mpaka mji wa Moi's Bridge kabla ya chai kupoa.

Kwetu Wabukusu, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, na mkwe hakanyagi chumba anacholala mama mkwe. Sawa. Lakini Mama ameongeza chumvi. Miaka sita sasa, akiwa na neno kwa Wabuge hulipitisha kwangu, hata wakiwa sebule moja. Nimechoka kuwa simu ya watu wawili wenye masikio mazima.

Soketi zilikuwa sawa. Breka ya taa, ile swichi inayokata stima kukiwa na hitilafu, ndiyo ilikuwa inaanguka tangu Jumapili, kila ukiiinua, tap! Wabuge alitoa balbu zote, ikaanguka. Basi kosa liko kwenye waya, akasema. Akafungua kile kiboksi cha kwenye dari ya korido, ambapo waya za vyumba vyote hukutana, akawa anazima stima, anaachanisha chumba kimoja, kisha ananiambia niinue breka. Jikoni, tap! Sebule, tap! Akaachanisha chumba cha Mama.

Breka ikakaa.

Mimi nilipiga makofi. Wabuge hakupiga. Aliuangalia mlango wa chumba kile, ambacho alikiwekea waya kikiwa kitupu, kabla Mama hajahamia, akashuka polepole.

"Nelima, muulize Mama kama kuna mahali ukuta umeguswa."

"Mama, anauliza—"

"Nimesikia. Mwambie hakuna."

"Mwambie Mama waya inapanda wima kutoka kwa swichi mpaka dari. Mtu akipiga kitu hapo, inaumia."

Mama alikuwa ameshaingia chumbani na kusimama mbele ya swichi, leso imetandazwa mabegani, mikono kiunoni. Mama yangu ni mwembamba. Siku hiyo alijaribu kuwa kabati.

"Mwambie ni kalenda tu," akasema kwa sauti ndogo.

"Kumbe kuna kitu!" Nikamsogeza kando. Nisameheni, nilikuwa na hasira ya miaka sita.

Haikuwa kalenda. Ilikuwa picha kubwa, ndani ya fremu ya kioo, ya mwanamume juu ya ngazi, misumari imebanwa mdomoni, kofia imegeuzwa nyuma, anacheka na dari. Nilimpiga mimi mwenyewe hiyo picha kwa simu, siku ya mwisho ya kuweka waya, nikaitupa kwenye grupu ya familia. Mama ndiye pekee ambaye hakuijibu. Na sasa iko hapa, imesafishwa mjini, imetundikwa mahali anapoiona akifungua macho.

"Usiseme," Mama akaninong'oneza.

Mimi? Nilishindwa na furaha.

"Wabuge! Msumari umeshika picha yako!"

Nikasikia stuli ikilia koridoni, mtu ameikalia ghafla.

Nilihakikisha stima imezimwa, nikaing'oa misumari. Ilikuwa miwili, ya inchi nne, kwa picha moja! Ncha ya mmoja ilikuwa nyeusi. Wabuge akasema kupitia mlangoni kwamba chumba hicho kikae bila taa leo, na kesho atamtuma Jebet, fundi mwenzake, aingie kubadilisha waya. Kisha akarudisha balbu, nikainua breka, na vyumba vingine vyote vikawaka hata kabla mvua iliyokuwa inakusanyika nje haijaanza kuleta giza.

Mama akatoka chumbani na fremu kifuani. Nilisubiri aniambie nimwambie. Hakunitazama kabisa.

"Mkwe wangu," akasema, akiangalia kando kidogo, kama heshima inavyotaka, "hapa sebuleni waya imepita wapi?"

Wabuge alisimama. Akaelekeza kwa bisibisi.

"Ukuta wa mlangoni hauna kitu, Mama."

"Basi chukua nyundo. Wanakaribia kufika, na nataka waione wakiingia."