Pakiti Moja ya Maziwa

Mwalimu Gathogo alikuwa na neno moja alilolirudia katika ukumbi wa kukodi mjini Kitale, mpaka wanafunzi wakawa wanamwigiza wakati wa chai: mwokoaji anayekufa hajaokoa mtu, ameongeza maiti. Nekoye, kiongozi wa kikosi cha zimamoto kilichotoka upande wa Bungoma, hakumwigiza. Alimwelewa. Somo la vidonge vya kufukizia mahindi ndilo lililomkaa zaidi, kwa kuwa kwao kila mwenye ghala anavyo. Kidonge kikikutana na unyevu hutoa gesi, na gesi hiyo haizuiwi na leso, haizuiwi na kitambaa kilicholowa, wala haizuiwi na maziwa.

Hapo Job, mcheshi wa kikosi, aliinua mkono.

"Lakini mwalimu, wapaka rangi si hupewa maziwa?"

"Hupewa," Gathogo akajibu, "kwa sababu maziwa ni rahisi kuliko barakoa."

Darasa lilicheka, na Job akacheka kuliko wote.

Siku ya kufuzu wakubwa walikuja. Kimaiyo, mkuu wa idara yao, alitaka wageni waone vifaa vikifanya kazi. Wageni wakavishwa barakoa kwa zamu, wakavuta hewa ya mitungi, wakapigwa picha, wakachekana kwa jinsi sauti zilivyotoka kama za vyura. Mitungi ikarudi Bungoma mitupu. Mashine ya kuijaza ilikuwa kulekule Kitale, si safari ya kutisha. Nekoye aliomba gari aipeleke. Akaambiwa asubiri. Akaomba tena, akaambiwa asisumbue watu.

Mwito ulitoka Chwele, siku ya soko. Kibarua alikuwa ameingia ghalani tangu alfajiri kufunua turubai la mahindi yaliyofukizwa, na hakutoka. Kutoka mlangoni ilionekana miguu yake tu. Nekoye aliwasimamisha watu wake upande upepo unakotokea, akaamuru milango na madirisha yafunguliwe kutoka nje, kisha akatazama mishale ya kupimia hewa kwenye mitungi ingawa alijua itasema nini.

Soko zima likahamia pale. Kwanza walisihi, halafu wakaanza kurusha maneno. Muuza ndizi mmoja alimsogelea Nekoye akamkagua toka kofia hadi buti.

"Gari kubwa hivyo, bana, na mnaogopa mahindi?"

Mwingine akadakia kwamba ukileta mwanamke kwenye moto, ujue amekuja kupika. Watu wakaangua kicheko. Aliyeumia alikuwa Job.

"Afande, jamaa anakufa."

"Najua. Acha hewa ipite kwanza. Huna kitu cha kuvuta."

"Watatucheka mpaka lini?"

Mtu katika umati akamrushia pakiti ya maziwa. Job akaing'ata pembeni, akaimaliza kwa mkupuo mmoja, akamtazama Nekoye kama mtoto anayevunja amri mbele ya mama yake, akaingia. Nekoye aliushika mkono wa shati lake, ukamponyoka.

Job alitoka akimburuta kibarua, na kibarua alikuwa ameshakakamaa. Alikuwa amekufa kabla gari lao halijawashwa. Umati haukutaka kuona hilo. Ulimwona Job, ukamwinua mabegani, na Nekoye alilazimika kupigana viwiko ili ampakie kwenye ambulensi. Job alikuwa bado anacheka, akisema kifua kinamwasha kidogo tu. Kulipopambazuka alikuwa maiti. Gesi hiyo haina dawa ya kuiondoa mwilini. Hilo nalo Gathogo alikuwa amelifundisha.

Walimpeleka kwao Bokoli. Huko mtu hazikwi kabla hajasimama wa kueleza waombolezaji kilichomuua, na anayesimama ni yule aliyekuwapo. Kimaiyo alimvuta Nekoye nyuma ya hema. Alimtaka aseme Job alikufa shujaa, na akomee hapo.

"Mambo ya mitungi ni ya ofisini. Hapa ni matangani."

Nekoye aliwatazama vijana wake waliobaki, wamejipanga kwa sare kando ya jeneza, huku akina mama wakimwimba Job kwa jina. Nyuso za vijana hao zilikuwa na kitu kinachokaribia wivu. Mwito ujao, nani kati yao angekubali kubaki nje?

Basi alisema yote. Hakupandisha sauti wala hakulia. Alieleza vidonge, akaeleza picha za wageni na mitungi mitupu, akaeleza kwamba kibarua alishakufa na kwamba maziwa hayazuii gesi yoyote. Job, alisema, hakupaswa kufa. Hema likaguna. Ami mmoja wa marehemu akasimama kuuliza huyu mwanamke amekuja kuzika au kutukana, na kipaza sauti kikapokonywa mkononi mwa Nekoye.

Mama Job, aliyekaa karibu na jeneza, aliinua kiganja. Watu wakanyamaza.

"Mwanangu, umesema alikunywa pakiti ngapi?"

"Moja, mayi. Lakini maziwa hayazuii..."

"Moja." Mama aliligeuzageuza neno hilo mdomoni. "Mtu mzima kama Job. Hata maziwa mlimnyima."

Waombolezaji wakaitikia kwa sauti moja, na Kimaiyo, aliyejua nafasi inapopita, akawa ameshafika mbele. Aliahidi mbele ya jeneza kwamba hakuna kijana wa kikosi hicho atakayepungukiwa tena. Alipigiwa makofi marefu kuliko mhubiri.

Ahadi hiyo aliitimiza. Gari la zimamoto likawa halitoki bila kreti ya maziwa, imefungwa kwa mkanda pale palipokuwa pa mitungi, na mitungi ikasukumwa chini ya kiti. Nekoye aliitoa kreti hiyo mara mbili. Mara ya pili akapewa barua ya onyo.

Kisha ukaja mwito mwingine wa ghala. Njiani Nekoye aliinama chini ya kiti, akapangusa vumbi kwenye vioo vya mitungi. Mishale ilikuwa imelala kwenye sifuri. Nyuma yake vijana walikuwa wakigawana pakiti, mbilimbili kwa kila mtu.