Mkono wa Kuanzisha Mota

Mimi si mtu wa kubisha hodi. Mke wa polisi anasubiri aitwe, na asipoitwa anafunga mlango wake anapika. Ndivyo nilivyoishi miaka yote katika nyumba za polisi kule Nsambya, Kampala, na ndivyo nilivyohamia hapa Kansanga baada ya kumzika mume wangu Saverio, maana nyumba ya serikali haimjui mjane. Mwanangu Ojera analinda ghala huko Qatar. Hupiga simu Jumapili, ananiuliza kama nimekula, namwambia nimekula. Halafu Jumapili inakwisha.

Aliyenitoa ndani ni jirani yangu Mugisho, kijana wa Bukavu anayetengeneza visu. Anavitoa kwenye springi za lori, na wauza nyama wa barabara ya Ggaba wanavigombania. Zamani alikuwa anavichonga kwa tupa mpaka mkono unakufa ganzi. Baadaye akajiundia mashine hapo varandani. Alichukua mota ya pampu ya maji iliyokuwa imetupwa, akaifungia sahani bapa ya alumini, pana kama sinia la chai, na usoni mwa sahani akagandisha msasa kwa gundi. Sahani ikizunguka, unaegemeza ubavu wa kisu na chuma kinalika sawasawa, hakuna bonde wala mlima. Alihangaika nayo sana. Ilikuwa inayumba, anaifungua, anaweka kipande cha bati nyuma yake, anaifunga tena, anafumba jicho moja kuipima. Mimi nilikuwa naangalia kupitia pazia, nikijifanya nafuta dirisha.

Shida ni kwamba mota yenyewe ilikuwa nusu mfu. Ukiwasha umeme inanguruma tu, na ukiiacha inanguruma hivyo inaungua. Ilitaka kwanza isukumwe kwa mkono, ikianza kuzunguka ndipo uwashe. Na swichi ilikuwa ukutani ndani ya chumba chake, mashine iko nje. Hakuna binadamu mwenye mikono mirefu hivyo.

Basi asubuhi moja akaja mlangoni kwangu, kainamisha kichwa kama aliyekuja kuposa, akaniuliza kama naweza kumsaidia mkono kidogo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe hata chai sijapewa.

Siku hiyo nikaisukuma upande mbaya. Mota ya namna ile haina akili yake, inafuata mkono ulioianzisha. Upande wa kushoto, anaposimama Mugisho na kisu chake, ukawa unapanda badala ya kushuka. Cheche zikamrukia kidevuni, kisu kikamponyoka kikaenda kugonga ukuta. Nilijua atanifukuza. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema mama huyu alitaka kumuua kabla hata hajamwambia jina lake. Tangu hapo niliisukuma kwenda chini, cheche zikawa zinamwagikia ndoo ya maji kwa adabu.

Ikawa ndiyo kazi yangu. Navaa glovu kuukuu ya Saverio, naizungusha sahani, halafu namwamrisha awashe kwa sauti ya gwaride mpaka majirani wanachungulia. Mugisho akawa ananitania kwamba Kiswahili changu cha kambini ni amri tupu, hakina hata neno moja la kumbembeleza mtu. Nami nikamwambia chake cha Kongo kimejaa mutu na mukono na mukate, kama mtu anayeongea na ndizi mdomoni. Msasa ukiisha anaizima, anabandika mwingine, ananiita tena. Kwa hiyo sikuwa naenda mbali. Sokoni nilikuwa nakimbia, narudi nahema.

Nilianza kuamka mapema nichane nywele. Kwa ajili ya mota, banange, jamani! Lakini acha niseme ukweli: katika Kampala nzima, ile mota ndiyo pekee iliyohitaji mkono wangu. Nilikuwa na furaha.

Halafu asubuhi moja nimekaa kitandani, glovu mkononi, nasubiri kuitwa, nikasikia mashine inanguruma, kisha inazunguka. Haijasukumwa na mimi. Moyo ukaniuma. Nikajua amepata mtu mwingine, tena mwenye miguu mepesi. Nikatoka bila kuitwa. Mimi huyu.

Nikamkuta peke yake, anatabasamu hadi magego. Alikuwa amefunga kapasita mpya, kidude kama kikopo, ambacho kinaipa mota nguvu ya kuanza yenyewe. Swichi nayo ameitoa chumbani, ameipigilia kwenye mguu wa meza. Akanionyesha kwa kidole kimoja, anazima, anawasha, anazima, anawasha. Akanieleza kwamba kwao mama hatumwi kazi. Kila asubuhi, alisema, alikuwa anaona haya kumwona mtu wa umri wa mama yake akisukuma chuma mbele ya watu, na kile kikopo alikuwa anakitafuta muda mrefu, wala hakutaka kuniambia kabla hajakipata.

“Mama,” akasema, “sasa utapumuzika.”

Asante ya punda ni mateke, nikawaza, na papo hapo nikajuta, maana uso wa kijana ulikuwa unang'aa kama aliyemjengea mama yake nyumba. Nikamsifu. Akanivutia kiti, akanimiminia chai, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Kisha akawasha, akanipa mgongo, akaendelea na kisu chake.

Nikakaa pale na chai yangu. Mota ilikuwa inapiga kelele, chuma kinalia kwenye msasa, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

“Sitaki kupumzika,” nikauambia mgongo wake. “Tangu Saverio afe nimepumzika. Nipumzike mpaka lini? Niite tu, Mugisho. Hata kama huna kazi, niite.”

Aligeuka kukitazama kisu kwenye mwanga, akaona midomo yangu inacheza. Akabonyeza swichi. Sahani ikaendelea kuzunguka kwa mazoea, ikapungua, ikapungua, ikasimama. Nikawasikia kuku wa mwenye nyumba wakichakura nyuma ya choo. Mugisho akaweka kisu chini, akafuta vumbi usoni kwa mkono wa shati, akanitazama kabisa, akasubiri.

“Umesema nini, Mama?”

Kilichokuwa kigumu ni ule ukimya. Kwenye kelele nilikuwa na maneno.

“Nimesema inazunguka vizuri.”

“Aksanti,” akasema, na akabonyeza tena.