Asubuhi ya Kuzima Viyoyozi

Kitinda hakuwa mtu wa kuuliza njia mara mbili. Wenzake walihangaika na shahada moja mpaka macho yakawaingia ndani. Yeye alibeba shahada ya uhandisi wa majengo mkono huu na cheti cha uendelevu mkono ule, na Jumapili bado akapata nafasi ya kusuka nywele. Jina alilipata nyumbani, kwa kuwa kitinda mimba, likamfuata hadi chuoni na yeye akaliacha limfuate.

Cheti chenyewe hakikuwa cha lazima. Kilikuwa cha watu wanaopenda kujitwisha mzigo: masomo ya ziada kila Jumamosi kuhusu maji, taka na umeme unaopotea bure, kisha mradi. Na mradi haukuwa wa kuandika kurasa mbili tatu ukazibana kwa pini. Mratibu wa cheti, mama mmoja mfupi ambaye sauti yake ilifika mahali kabla yake, aliwaambia mapema: "Nataka kitu kibadilike hapa chuoni, kikae kimebadilika majuma mawili, na mimi nikione kwa macho yangu. Hadithi mkawasimulie bibi zenu."

Kitinda akachagua Ukumbi Mkuu. Lilikuwa jengo la zamani, kuta nene, dari huko juu kabisa, na chini ya dari safu ya madirisha madogo ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuyaona wazi. Viyoyozi vinne vilinguruma humo kutwa, hata asubuhi ambayo nje kuna ubaridi wake wa bure. Watu walisikiliza mihadhara wamevaa masweta. Kitinda alilitazama jengo lile akaona waliolijenga hawakuwa wajinga. Ukifungua madirisha ya chini upande wa kivuli, na yale ya juu, hewa ya moto inapanda na kutoka, ya baridi inaingia kuchukua nafasi yake. Akaandika kwenye mpango wake, kwa mkono usiotetemeka, kwamba viyoyozi vitazimwa kutwa na hakuna atakayevikumbuka.

Ofisi ya majengo ilikubali kwa sharti moja. Viyoyozi visiguswe na mtu yeyote isipokuwa fundi anayevitunza, na azime kwa mkono wake mwenyewe. Kuna mhadhiri aliwahi kuchezea swichi akaunguza mtambo, wakakoma.

Sharti hilo lilimchekesha Kitinda. Fundi huyo alikuwa baba yake mzazi, analala chumba cha pili.

Viyoyozi vile Fundi alivifunga wakati Kitinda bado anang'oka meno ya utoto, na ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Mgeni hakutoka nyumbani kwao bila kusimuliwa. "Ukumbi ule," Fundi angesema akijipiga kifua, "ukiingia saa saba mchana unatafuta shuka." Alikuwa na mtindo wake wa kukabidhi kazi, ambao hakuna fundi mwingine aliyekuwa nao. Akimaliza kufunga mashine hakutaka maneno wala sifa. Aliweka kiti katikati ya chumba, akamketisha mteja, akamwambia, "Kaa kwanza, tusiongee." Kisha akasimama mlangoni, mikono nyuma, mpaka mteja mwenyewe atikise kichwa kukubali. Mkewe alikuwa akisema ana wivu na wateja hao, maana wao wamewahi kumwona mumewe akinyamaza.

Siku Kitinda alipopanda ngazi kukagua madirisha ya juu, alirudi nyumbani na vumbi kichwa kizima, akaketi mezani na kuanza kabla hajanawa vizuri.

"Mama, usicheke. Madirisha yote ya juu yamezibwa! Gundi ndani, gundi nje. Sijui ni fundi gani kichwa maji aliyefanya kazi ile. Ukumbi unapumulia kule juu, yeye kaukaba koo."

Mama akamkanyaga mguu chini ya meza. Kitinda hakuelewa, akaongeza chumvi: "Mtu huyo ningemrudisha darasa la kwanza."

Baba akaweka kijiko chini. "Kichwa maji huyo," alisema taratibu, "ndiye aliyekupeleka wewe darasa la kwanza, amekushika mkono."

"Baba, ni wewe?"

"Ni mimi. Ulidhani baridi inabaki ndani kwa kuombwa? Niliziba dirisha moja moja, juu ya ngazi, shingo imepinda."

"Sikujua."

"Ungejua ni mimi, yangekuwa yamezibwa vizuri?"

Hapo mtoto mwenye akili zake angesema ndiyo, yakaisha. Kitinda alilitafuta hilo "ndiyo" mdomoni akalikosa. "Hapana, baba," alisema. "Yangekuwa yamezibwa vilevile."

"Jamani, chakula kinapoa," Mama akasema.

"Acha kipoe," Baba akajibu. "Siku hizi kupoa hakuhitaji fundi." Akasukuma kiti na kuinuka. "Na kuzima, sizimi. Katafute fundi mwenye kichwa kikavu."

Asubuhi yake alimsalimia binti yake kama mtu anavyomsalimia mpangaji. Hilo ndilo lililomuuma Kitinda, tena lilimuuma kweli, kuliko hata habari ya mradi. Na habari ya mradi haikuwa ndogo. Muhula ulikuwa ukingoni. Majuma mawili yasipoanza Jumatatu ifuatayo, Mratibu hatakuwa na cha kuona. Shahada angeipata, hilo halikuwa na shaka. Lakini cheti kisichokamilika hakitajwi popote, na Jumamosi zake zote zingekuwa zimekwenda na maji.

Marafiki walimshauri abadilishe mradi, aweke mapipa ya chupa za plastiki. "Mapipa yapo kila kona," aliwajibu, "na kila kona chupa ziko chini." Mratibu alimwita ofisini akamfungia mlango.

"Nikiongea na ofisi ya majengo, ataletwa fundi mwingine kesho," alisema. "Neno moja tu."

Kitinda alilifikiria, tusiseme uongo. Alilifikiria mpaka akaona sura ya baba yake akisimuliwa kwamba mtu mwingine ameshika mashine zake.

"Hapana, mwalimu. Baba yangu hatarukwa kwa sababu yangu. Nitamleta mwenyewe."

"Kwa kumbembeleza?"

"Kwa kazi."

Akaanza kukata gundi. Ruhusa ya madirisha alikuwa nayo, hiyo haikuhitaji fundi. Alikuwa juu ya ngazi kila alipotoka darasani, na kisu na kitambaa, na gundi ile ilimtoa jasho. Ilikuwa imeshika fremu kwa roho mbaya. Alirudi nyumbani vidole vimefungwa plasta, akasimama mbele ya baba yake aliyejificha nyuma ya gazeti.

"Baba, gundi yako haitoki."

"Haiwezi kutoka," gazeti lilijibu haraka, kwa fahari, kisha likakumbuka kwamba limenuna.

Kitinda akaona mlango. "Jumamosi saa nne nakuomba ukumbini. Sikuiti kuzima, mashine Jumamosi zimelala zenyewe. Nakuita nikukabidhi kazi."

Alikuja. Alikuja amevaa shati la kupigwa pasi, na mfuko wake wa vifaa begani, na Kitinda aliona ncha ya chupa mpya ya gundi ikichungulia. Ukumbi ulikuwa mtupu, madirisha yako wazi chini na juu. Katikati palikuwa na kiti kimoja.

"Kaa kwanza," Kitinda akamwambia. "Tusiongee."

Fundi akamtazama binti yake kwa muda. Kona ya mdomo wake ilitaka kucheka, akaizuia. Akakaa.

Kitinda akasimama mlangoni, mikono nyuma. Sasa ndipo alipojua mtindo ule ulivyo mgumu, maana alikuwa na maneno ya kujaza magunia na hakuna hata moja lililoruhusiwa kutoka. Hewa ilipita chini, ikagusa vifundo vya miguu, ikapanda. Fundi alitazama dari. Alilowesha kidole akakiinua juu. Aliinuka, akahamisha kiti hadi pembeni ambako kiyoyozi cha tatu hakijawahi kufika vizuri, akakaa tena. Saa sita ilipofika shati lake bado lilikuwa kavu. Kitinda angeweza kusema imetosha, wakaenda nyumbani mshindi akiwa yeye.

Hakusema. Mpango wake uliandikwa kutwa, na kutwa haiishii saa sita. Jua likahamia ukuta wa pili. Saa nane hivi joto likaanza kuteremka kutoka darini taratibu, likakaa mabegani. Jasho lilianza kumtoka yeye kwanza, kisha baba yake. Aliyaona matone kwenye paji la uso wa mzee, akajua kwamba mpango wake, ule wa mkono usiotetemeka, umetia chumvi.

Hatimaye Fundi akatikisa kichwa. "Asubuhi ni yako," alisema. "Saa hizi si zako."

"Naona, baba."

"Na hapa tuko wawili. Wakijaa je? Kila mtu ni jiko."

Kitinda akavuta kiti cha pili, akaketi mbele yake. "Basi tugawane. Asubuhi madirisha. Saa saba tunafunga, mashine zako zinaingia."

"Mtafunga na nini? Umekata gundi yangu yote. Baridi itatoka kama moshi."

"Mpira. Ule wa mlango wa friji. Unazungushwa kwenye fremu. Dirisha likifungwa unabana, likifunguliwa haudhuru."

Fundi akatazama madirisha ya juu. Akainuka, akapanda ngazi, akapitisha kidole kwenye fremu iliyosafishwa, kona hadi kona. Akauliza bila kugeuka, "Hilo la mpira umefundishwa na nani?"

"Na kichwa maji mmoja hivi, nilikuwa namshikia tochi akitengeneza friji."

Mzee alicheka mpaka ngazi ikatikisika, na Kitinda akakimbia kuishika. Jioni ile walipima fremu pamoja, wakabishana juu ya kila moja, na Mama alipopiga simu kuuliza kama wamekufa alisikia kelele tu akakata.

Nisikuweke roho juu: cheti alikipata. Siku miradi ilipokaguliwa na jopo la walimu, Mratibu alimkazia macho akamwambia, "Uliahidi kutwa, umeniletea nusu." Kitinda akamjibu kwamba ameleta nusu inayosimama, na kwamba nusu ya pili aliijaribu, ikamshinda, na ameandika ilivyomshinda. Walimsomea vyote viwili kwenye mahafali, shahada na cheti, na ukoo wake ukapiga vigelegele mpaka aliyefuata jina lake halikusikika. Lakini mimi ya mahafali siyajali sana. Ninayoijali ni Jumatatu ile ya kuanza.

Ilikuwa asubuhi, wanafunzi wanaingia na masweta yao. Madirisha yamefunguliwa, mpira mweusi unang'aa kwenye fremu. Viyoyozi vinne bado vinanguruma, kwa sababu sharti ni sharti. Mratibu alikuwa amesimama karibu na jukwaa, na pembeni yake bwana wa ofisi ya majengo aliyekuja kuhakikisha hakuna anayeunguza kitu. Fundi, ndani ya ovaroli safi, alifungua kisanduku cha swichi ukutani. Akaweka mkono. Mkono ukakaa pale.

Mratibu akakohoa. Kitinda hakukohoa, ila akaanza kuogopa kwamba mzee amebadili nia mbele ya watu wote.

Fundi akauondoa mkono. "Kitinda," aliita. "Njoo."

Akaenda.

"Zima."

Bwana wa ofisi ya majengo akasogea haraka. "Mzee, samahani, tulikubaliana azime fundi."

"Tulikubaliana, ndiyo," alisema Fundi, akarudi nyuma hatua moja kumpisha binti yake. "Fundi ndiye huyu."

Kitinda akasogea kwenye kisanduku. Akainua mkono, akazima viyoyozi kimoja baada ya kingine.