Uanzie Wapi kwa Yule Mrusi

Nyundo alikuwa mchinjaji machinjioni, mkono mzito, na hasira yake moto wa mabua. Jumatatu alimvunja taya shemeji yake, kwa sababu Ijumaa shemeji huyo alimpiga mkewe, dada yake Nyundo, mpaka jicho likafumba. Nyundo alidhani dada yake atamshukuru. Dada, aliyekuwa mkutubi, alimnunia siku kumi nzima.

Ya kumi na moja alimfuata maktaba mchana, viatu bado vinanuka damu ya ng'ombe.

"Umekuja kumpiga nani hapa?" dada aliuliza.

"Nimekuja kusoma, dada. Yule Mrusi wa zamani unayemsifu kila siku, nianzie wapi?"

Dada alimkata jicho, lile zima. Vitabu vya Mrusi vilikuwa saba rafuni, vyote ameviunga upya kwa gundi yeye mwenyewe. "Watu hukimbilia kile kinene," alisema. "Wakifika ukurasa wa arobaini, majina ya watu yamewachanganya, wanakirudisha. Wewe anza na hiki." Akachomoa kimoja chembamba kama daftari. "Karani mzee na kinyongo chake. Hauawi mtu."

"Sasa utamu wake uko wapi?"

"Utaona mtu anakasirika kurasa themanini hajainua mkono. Hilo wewe hulijui, mdogo wangu."

Nyundo akaketi, akasoma kidole kikifuata mstari. Ukurasa wa kumi na mbili akanung'unika, "Huyu karani si angemzaba bosi wake kibao tu yaishe?"

"Endelea."

Hakuendelea. Mlango ulifunguliwa, shemeji akaingia na panga ndani ya gunia. Meno yake yalikuwa yamefungwa waya, kwa hiyo hakutukana wala hakupiga kelele. Alitembea moja kwa moja hadi mezani kwa mkewe, akalichomoa panga, akashusha. Dada aliinua mkono wa kushoto kujikinga. Panga lilipita kwenye vidole viwili, likazama kwenye ubao wa meza na kunasa. Damu iliruka juu ya kadi za wasomaji. Watu wakatawanyika wakipiga mayowe.

Nyundo aliruka meza. Ngumi ya kwanza ilitua palepale kwenye taya bovu, waya ukatokeza shavuni. Ya pili ikamwangusha shemeji. Nyundo akamkalia kifuani, akamkaba koo kwa mikono miwili. Shingo alizijua, ndiyo kazi yake. Hii ilikuwa inaanza kulegea.

"Muache!" dada alisema.

"Amekukata!"

"Vidole ni vyangu! Miaka sita nimepigwa mimi, na nitasema mimi. Ukimuua, kesi itakuwa yako. Nani ataniuliza alinifanya nini?"

Nyundo akazidi kukaza. Macho ya shemeji yalikuwa yanageuka meupe. Dada alinyanyua kigoda kwa mkono uliobaki mzima, akampiga nacho mdogo wake kichwani, mara mbili. Nyundo akaanguka ubavu. Shemeji akavuta pumzi kwa mlio wa kutisha, na polisi wakamkuta hivyo, chini, anakohoa damu.

Hospitalini kidole kimoja kilishonwa, kingine kikapotea. Nyundo, kichwa kimefungwa bandeji, alimsomea dada yake kile chembamba mpaka mwisho, akimkasirikia yule karani kila jioni.

"Sasa nifuate kipi?"

"Cha mapacha wa mwenye kinu. Halafu vile vitatu vifupi. Kinene ukiache mpaka utakapozoea majina."

Mahakamani dada alisimama saa mbili. Alieleza kila kipigo kwa mwaka na chumba, bila kulia, na wakili wa mumewe alipomkatiza, alimsubiri anyamaze, kisha akaanza upya. Shemeji alipewa miaka tisa. Nyundo naye, kwa lile taya, miezi minne.

"Stahili yako," dada alimwambia walipokuwa wakimtoa. Kisha akamwegemea begani, akalia kwa mara ya kwanza, na askari akawasubiri.